Kabla ya Kutoa Figo, Vua Viatu

Nimestaafu mwezi wa tatu sasa na mwili bado haujapata taarifa. Mume wangu anasema asubuhi moja niliukamata mkono wake nikiwa usingizini, nikaanza kuupapasa nikitafuta mshipa wa kutolea damu. Tangu siku hiyo analala ameukalia.

Nyie mliobaki kitengoni mliniomba niwaandikie kidogo kuhusu kazi yetu, nami nadhani mlitegemea hotuba. Hotuba sina. Habari za vyeo na madaraja nitaziruka, maana hakuna mgonjwa aliyewahi kupona kwa sababu mimi nilipanda daraja. Nitaandika juu ya ile kazi tuliyoiita wenyewe kwa wenyewe kumpekua mtoaji, yaani kumchunguza mtu mzima wa afya anayetaka kumpa ndugu yake figo.

Ni kazi ya ajabu kidogo. Mgonjwa wa kawaida anakuja analalamika, nawe unatafuta kinachomsumbua. Mtoaji figo anakuja anacheka, amevaa shati la kanisani, anakwambia hajaumwa hata kichwa tangu azaliwe, na wewe unalipwa ili usimwamini. Kisukari unakipima, presha unaipima, mawe kwenye figo unayaona kwenye picha. Iliyokuwa inaninyima raha ni kansa iliyojificha. Mtu anaweza kutembea nayo miaka bila kuijua. Ukichukua figo yake ukampa ndugu yake, huenda umempa na mbegu za kansa humo ndani. Na huyo ndugu yake anakunywa dawa za kulaza kinga ya mwili ili figo ngeni isikataliwe. Askari wote wamelala, na mwizi umemwingiza wewe mwenyewe kwa mlango wa mbele.

Upasuaji wenyewe haukufanyika kwetu. Sisi hapa Mwanza tulimwandaa mtoaji na mgonjwa, tukajaza fomu, tukawafungashia mafaili yao wakasafiri kwenda wanakopandikiza. Kule nako waliangalia tena. Waliweza kuangalia kila kitu upya, na waliweza pia kuisoma fomu yetu wakairidhia. Hilo la pili mliweke kichwani.

Siku yangu ya kwanza kitengoni nilitokea wodi ya wazazi, ambako kila kitu kinafanyika kwa kelele. Nikakuta ukimya, na mlangoni pa chumba cha uchunguzi viatu vimepangwa jozi jozi kama nje ya msikiti. Nikajua kuna sala, nikasimama kando kusubiri iishe. Mlango ukafunguliwa, akatoka mama mwembamba, mrefu, kofia yake nyeupe haina hata mkunjo.

"Unamsubiri nani, Sista?"

"Nasubiri wamalize kusali."

Alinitazama miguuni kwanza, ndipo akapandisha macho usoni. "Hapa hatusali. Hapa tunaangalia. Vua na wewe uingie."

Huyo ndiye Matroni Felista. Alikuwa Mhaya wa Muleba, aliongea Kiswahili kama anasoma taarifa ya habari, na chai yake hakuna aliyeruhusiwa kuikoroga ila yeye. Kanuni yake ilikuwa moja: hakuna mtoaji anayeingia na viatu. Atavivua nje, atapita mbele yake peku, atapanda kitandani, naye ataanza na nyayo. Mimi niliyezoea kuanza na kichwa cha mtoto nilimuuliza kwa nini nyayo.

"Kwa sababu uso wake anaujua," akasema. "Kila asubuhi anauona kwenye kioo, na mkewe anauona, na jirani anauona. Nyayo zake anazijua nani?"

Baadaye alinieleza taratibu. Kuna kansa ya ngozi inayoanza kama doa jeusi tu. Wazungu huwatokea mahali jua linapowachoma, mgongoni na kwenye miguu. Sisi weusi haishughuliki sana na jua letu. Inatufuata kwenye nyayo, viganjani na chini ya kucha, mahali tusipopatazama. Ni doa dogo, haliumi, haliwashi. Na kati ya kansa zote zinazoweza kusafiri ndani ya figo, hiyo ndiyo Felista aliyoiogopa kuliko simba.

Vifaa vyake vilijaa kwenye mfuko wa koti. Tochi ndogo, futi ya fundi cherehani, kalamu nyekundu, na lenzi ya fundi saa, ile inayobanwa jichoni. Lenzi hiyo aliinunua kwa mzee mmoja wa Kiarabu aliyekuwa akitengeneza saa mjini tangu enzi za baba zetu, na alipoibana jichoni hata madaktari bingwa walinyamaza. Tulikuwa pia na chupa ya siki kwa ajili ya kuwapima akina mama mlango wa kizazi, na siku moja mfanyakazi mgeni aliichukua akaitia kwenye kachumbari yake ya mchana. Hakudhurika, ila hakuna aliyemruhusu asahau.

Halafu kulikuwa na fomu. Ilikuwa na kurasa nne, na ukurasa wa tatu kulikuwa na mstari ulioandikwa: ngozi imekaguliwa, utosi hadi unyayo. Pembeni kisanduku. Felista hakuniruhusu kutia tiki mpaka niwe nimekwisha kuangalia, nimenawa mikono na kuifuta. Nilimwona mchoshi. Nilikuwa nikinawa huku nimekunja uso, naye anasimama nyuma yangu na taulo.

Akina baba walitupatia kazi. Mzee mmoja mfugaji wa Magu alikuja kumpa mwanawe figo. Alikuwa tayari kwa kila kitu, kuchanwa tumbo, kushonwa, kukaa miezi bila kubeba mzigo. Ikafika zamu ya kupimwa tezi dume. Daktari akavaa glavu, akamwambia alale ubavu.

"Daktari, kwani figo inatokea huko?"

"Hapana mzee, tunaangalia tezi dume isije ikawa na kansa."

"Basi tezi mwacheni nayo, hiyo simpi mtu."

Akashuka kitandani, akachukua fimbo yake, akatoka. Nje alikutana na mkewe. Sijui waliongea nini, kilikuwa Kisukuma cha haraka na mimi wa Ukerewe sikikamati chote, lakini dakika tano hazikuisha mzee alirudi, akalala ubavu mwenyewe bila kuambiwa, akatazama ukuta mpaka mwisho. Tezi ilikuwa nzima. Mwanawe yuko hai, na nasikia mzee akilewa husimulia kila kitu isipokuwa hapo.

Kesi iliyonifundisha ni ya kijana wa kwetu Ukerewe, mvuvi wa dagaa, aliyetaka kumpa baba yake figo. Kwenye mkojo wake tuliona damu. Nikacheka. Mimi mtoto wa kisiwani, nimeoga ziwani utoto wangu wote. Damu kwenye mkojo kwetu ni kichocho, hata bibi yangu angekwambia. Tukampa dawa, damu ikaisha, nikaandika: kichocho, kimetibiwa. Mwezi uliofuata damu ikarudi. Nikasema amerudia kuoga. Felista akavua miwani.

"Sista, wewe unajua ziwa. Kibofu cha huyu kijana umekiona?"

Tukampeleka akaangaliwa kibofu kwa kamera. Kichocho kilikuwepo kweli, na jirani yake palikuwa na kiuvimbe cha kansa kama punje ya harage. Kilitolewa. Figo hakutoa. Nilijifunza kwamba ugonjwa uliouzoea ndio unaofunika mwingine, na anayejua sana mambo ya mahali ndiye wa kwanza kupitwa. Nilijifunza vizuri kabisa, nikawa nawafundisha na wengine. Mtaona ilinisaidia kiasi gani.

Felista alistaafu akaenda zake Muleba kulima migomba. Siku ya kuaga alinipa ile lenzi, akaniambia nisiiazime kwa madaktari kwa sababu hawarudishi. Baada yake tukahamishiwa jengo jipya, lenye vigae vinavyong'aa na korido pana. Likaja tangazo kwamba viatu visiachwe koridoni, watu wanajikwaa. Ukweli ni kwamba viatu vilishaanza kuibiwa. Mtoaji mmoja alitoka kupimwa akakuta mlango mtupu, akarudi Nyegezi na ndala za wodini. Kwa hiyo nikawaambia watoaji waingie navyo, wavivulie ndani. Kisha nikawa nawaambia wavue wale wenye ndala na kandambili tu, kwa kuwa ni rahisi. Na tiki ikawa inaingia kwenye kisanduku chake mikono yangu ikiwa bado haijanawa. Hakuna siku niliyoamua kuacha kuangalia nyayo. Niliacha kidogo kidogo.

Hapo ndipo walipokuja Masanja na Neema.

Neema alikuwa fundi cherehani wa Mkolani, binti wa miaka ishirini na tisa, mwenye ulimi mkali na mkono mzuri. Nusu ya manesi wetu walivaa magauni yake. Figo zake zilikufa kwa presha ambayo hakuna aliyejua anayo. Mara tatu kwa wiki alilala kwenye mashine ya kusafisha damu, kwa muda wa saa nne kila mara, na alikuwa amekwisha kumaliza kuwatania wauguzi wote, akaanza kunyamaza. Wazee wa ukoo wao walikaa kikao, wakamteua kaka yake Masanja, mkulima wa mpunga wa Misungwi, miaka thelathini na minane, kifua kama mlango. Masanja hakuhitaji kuteuliwa. Alikuwa ameshakuja mwenyewe kuuliza kama figo inatolewa siku hiyo hiyo ili awahi palizi.

Mtu anayeshinda peku kwenye majaruba akija hospitali hujitahidi. Masanja aliazima viatu kwa mwalimu wa shule ya kijijini kwao, vyeusi, vya kufunga kamba, vimepigwa rangi mpaka unajiona. Vilikuwa vidogo kwake. Nilipomwambia apande kitandani aliinama kuvivua, akahangaika na kamba, fundo likakaza, jasho likamtoka. Nje foleni ilikuwa imefika mlango mkuu.

"Samahani Mama, vinanishinda kidogo."

"Acha tu mwanangu. Panda hivyo hivyo."

Hayo ni maneno yangu, neno kwa neno. Nikamkagua kichwa, mgongo, kifua, mikono, tumbo. Nikatia tiki.

Ilifuata miezi minne ya vipimo. Picha ya kifua ikawa safi, picha ya tumbo safi, damu safi, mkojo safi, na kwa heshima ya kijana wa Ukerewe niliupima mkojo huo mara tatu. Ulinganifu wa damu yake na ya Neema ukawa mzuri. Siku niliyowasomea fomu yote, Neema alifumba macho akawa anasikiliza kama anasomewa barua ya posa. Nilipofika utosi hadi unyayo aliguna kwa raha. Safari ikapangwa siku ya Jumatatu.

Jumapili, baada ya ibada, mama yao alitualika Kiseke kwa chakula cha kuwaombea safari njema. Tuna utaratibu wa kutokula kwa wagonjwa wetu, na mimi ndiye niliyekuwa nawasomea nyie utaratibu huo. Nilikwenda. Kulikuwa na sato wa kukaanga, wali, na sinia ya michembe na karanga, na mimi viazi vilivyokaushwa vya Kisukuma sivipiti. Mlangoni tulivua viatu, kama nyumba yoyote. Wageni tukakalishwa kwenye makochi, vijana wakakaa kwenye mkeka. Masanja alijinyoosha chini, mgongo ukutani, miguu mbele, bakuli la michembe mapajani. Mlango ulikuwa wazi na mwanga wa mchana ulikuwa ukiingia moja kwa moja hadi kwenye nyayo zake.

Kwenye unyayo wa kulia, karibu na kisigino, palikuwa na doa jeusi. Lilikuwa na ukubwa wa kifungo cha koti. Upande mmoja lilikuwa jeusi tii, upande mwingine limefifia kama wino uliomwagiwa maji, na kingo zake zimeingia na kutoka kama mwambao wa kisiwa.

Nikashuka kochini, nikapiga magoti kwenye mkeka. Watu wakadhani nimedondosha kitu.

"Masanja mwanangu, hili doa la nini?"

"Hili, Mama?" Aliupindua mguu akautazama kama wa mtu mwingine. "Aa, hii ya zamani. Nilichomwa na mwiba nikiwa mdogo, Mama akanichanja chale akapaka dawa. Dawa ndo imebaki hivyo."

Wote wakatulia, nami nikatulia. Ile dawa nyeusi inayopakwa kwenye chale huacha alama maisha yote, nimeiona kwa maelfu ya watu. Nilitaka sana iwe hivyo. Kama angeniambia hivyo mle chumbani, baada ya kuvua viatu, nadhani ningeandika chale na kuendelea. Lakini mama yake alikuwa amesikia kutoka jikoni. Alikuja anajifuta mikono kwenye kanga, akainama juu ya miguu ya mwanawe.

"Mimi ndo nilimchanja, mayu," akaniambia, yaani mama kwa Kisukuma. "Lakini nilimchanja huu wa kushoto."

Aliushika unyayo wa kushoto akaufuta vumbi kwa kidole. Zilikuwepo chale tatu ndogo, nyembamba kama punje za mchele, zimepangana. Kisha akautazama wa kulia, na akakaa chini pale pale.

Neema ndiye aliyesema kwanza. Alikuwa kwenye kiti kando ya dirisha, sanduku lake la safari limeshafungwa liko nyuma yake.

"Sista, tunasafiri kesho."

"Kesho hamsafiri, Neema."

"Kwa doa?"

"Kwa doa. Linatakiwa likatwe lipimwe. Linaweza kuwa kansa."

"Umemkagua miezi minne." Sauti yake haikupanda. "Ulitusomea mwenyewe. Utosi hadi unyayo. Mimi nilisikia."

Sasa nitawaambia jambo ambalo sikumwambia hata mume wangu siku ile. Uongo ulikuwa mdomoni, umeiva. Ningesema halikuwepo, limetokea juzi juzi, haya madoa huja ghafla. Wangeamini. Nilikuwa mtu mzima, nimevaa kitenge cha heshima, nimekula chakula chao. Nilimtazama mama yao aliyekuwa bado ameushika mguu wa mwanawe, nikashindwa.

"Sikuangalia," nikasema. "Viatu vyake vilikawia kuvulika, nikamwambia aache. Nikatia tiki bila kuangalia."

Masanja, Mungu ambariki, ndiye aliyeniokoa na macho yao. Aliuliza kama figo yake sasa ni mbaya. Nikawaeleza kama Felista alivyonieleza mimi: doa likiwa ni kansa, huenda mbegu zake zimeshatembea ndani ya damu, zimejificha hata kwenye figo, na Neema akishaanza dawa za kulaza kinga zitaamka kwake. Masanja alisikiliza, akatazama bakuli la michembe.

Neema akasema, "Nitaichukua hivyo hivyo."

"Neema."

"Nimesema nipeni hivyo hivyo. Hiyo mashine nimeichoka. Hamlali nyie kwenye ile mashine."

Nililia mbele ya watu, mimi niliyekuwa nawafokea nyie mkilia wodini. Neema aliinuka akaingia chumbani, na tukasikia sanduku linafunguliwa, nguo zinatolewa moja moja.

Jumatatu asubuhi nilichukua ile fomu, nikaikata tiki yangu kwa kalamu nyekundu, nikaandika pembeni: nyayo hazikukaguliwa, doa limeonekana mguu wa kulia, nikatia sahihi. Nikampelekea mkuu wa kitengo kabla hajaketi. Nilipewa barua ya onyo, ya pekee niliyopata katika kazi, na ilikuwa halali yangu. Kule wanakopandikiza labda wangeliona lile doa. Labda na wao wangekuta foleni ndefu na kamba za viatu zimekaza. Sijui, na kutokujua huko nimestaafu nako.

Doa likakatwa, kipande kikapelekwa maabara, tukasubiri wiki mbili. Ilikuwa kansa. Ilikuwa bado changa, haijachimba chini. Daktari wa upasuaji akakata nyama ya kisigino kuzunguka pale, akaziba kwa ngozi ya pajani. Masanja alilala wiki kadhaa mguu juu, akilalamikia mpunga wake. Alichoka kukaa, akawaomba manesi wampe chochote cha kumenya. Daktari alipomwambia kwamba amepona lakini hataweza kumpa mtu figo maisha yake yote, aligeukia ukutani. Kwake hiyo ndiyo ilikuwa habari mbaya.

Neema akarudi kwenye mashine, mara tatu kwa wiki. Kila nilipopita nilimsalimia, naye kila mara aligeuza uso. Mnajua kwetu binti wa umri ule kumnyima mtu mzima shikamoo si jambo dogo. Wauguzi wengine walitaka kumsema, nikawakataza. Shikamoo hainyang'anywi. Niliendelea kumsalimia mimi, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, nikaendelea na kazi yangu.

Ile rafu ya mbao iliyo ndani ya chumba cha uchunguzi, nyuma ya mlango, mnayoilalamikia kwamba inabana nafasi, nilimwita seremala aitengeneze wiki ile ile ya barua ya onyo. Viatu vinakaa ndani, haviibiwi, hakuna wa kujikwaa. Ningeweza kuifikiria miaka sita kabla, viatu vilipoanza kuibiwa.

Sasa kuna faili moja mmelirithi kwangu, la mama anayeitwa Nyamizi, mwenye miaka hamsini na mmoja, wa Sengerema. Vipimo vyake bado vinaendelea: matiti, mlango wa kizazi, kibofu, picha ya tumbo. Msiharakishe hata kimoja. Ukurasa wa tatu nimeujaza mimi, siku yangu ya mwisho kazini, na nataka mjue ulivyojazwa.

Mlikuwa ukumbini mnapamba, mnapuliza maputo. Mimi nilibaki chumbani nikitoa vitu vyangu kwenye droo. Mlango ukagongwa, akaingia mama mnene mchangamfu, amevaa gauni la vitenge viwili lililoshonwa vizuri sana, na nyuma yake Neema. Neema hakunisalimia.

"Mimi ndo shangazi yao," yule mama akasema. "Wazee walipokaa kikao hawakuniita. Nikasikia wanatafuta figo, nikajua lazima iwe ya kiume. Juzi Masanja kaja kunitembelea na mguu wake ule, akaniambia Shangazi, ya kike nayo inafaa. Si mngesema mapema?"

Nilimkaribisha kitandani. Kabla sijamwambia kitu, Neema alipiga magoti mbele ya shangazi yake, akafungua vifungo vya viatu vyake, kimoja, cha pili, akaviweka kwenye rafu. Kisha akaushika mguu wa kulia kwa mikono yote miwili, akaugeuza unyayo ukaelekea dirishani.

"Anza hapa," akasema. "Nataka nikuone ukiangalia."

Nikatoa lenzi ya Felista, nikaibana jichoni. Niliangalia kisigino. Niliangalia katikati ya unyayo, na kati ya kila kidole, na chini ya kila kucha. Shangazi alikuwa anatekenyeka, akacheka mpaka kitanda kikalia, akatuambia tufanye haraka. Hatukufanya haraka. Neema akashusha mguu wa kulia, akainua wa kushoto, nao nikauangalia vile vile, kisha viganja, mgongo, kichwa, nywele fungu kwa fungu. Alikuwa anayafuata macho yangu kila yanapokwenda.

Nilipomaliza nilienda kwenye sinki nikanawa. Nilipogeuka nilikuta amesimama nyuma yangu na taulo. Nikajifuta, nikaketi, nikavuta fomu, nikatia tiki.

Neema aliitazama ile tiki. Akachuchumaa kidogo, kama mabinti wa kwao wanavyofanya.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba, mwanangu," nikasema.